Dozi Kumi

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, Chepkemoi hutoa maziwa kwenye friji, huyapeleka dirishani na kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Huisoma hata kama chupa ni ileile aliyoisoma jana na juzi. Akimaliza maziwa huhamia kwenye mkate, kisha mayai. Duncan, mumewe, ni dereva wa lori la masafa marefu, na siku chache anazokuwa nyumbani humtania kwamba maziwa ya Minnesota hayawezi kuharibika kwa sababu jimbo zima ni friji. Chepkemoi hufunga friji. Huchemsha chai, huijaza kwenye chupa, na kutoka nyumbani kwao Maple Grove kabla barabara haijajaa.

Ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alifika nchi hii akiwa na miaka ishirini na sita na cheti cha uuguzi kutoka Kenya, na hapa cheti hicho hakikumfaa kitu. Akaanza upya. Akaogesha wazee, akawageuza waliopooza ili migongo isichubuke, akasoma masomo ya jioni, akafeli mtihani wa leseni mara moja na kuurudia. Ilimchukua miaka tisa. Leseni ilipofika kwa posta, aliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi. Sasa ana miaka arobaini na minne, na wageni wakiingia bado huinua macho na kuisoma.

Lakini watu wengi hawakumjulia kazini. Walimjulia kanisani, kwenye korido ya makoti.

Kanisa lao halina jengo. Hukodi la Walutheri, Frogtown, hatua chache kutoka University Avenue. Wenyewe wakishamaliza ibada yao ya asubuhi, Waswahili huingia saa saba mchana: Wakenya kutoka vitongoji vya kaskazini na kusini, wengi wao watu wa hospitali na nyumba za wazee, na Wakongo wa Kivu waliopitia kambi za wakimbizi upande wa Tanzania kabla ya kuletwa huku. Ibada huisha saa kumi. Baada ya hapo watu hawakuwa wanaenda kwenye magari yao. Walikwenda kwenye korido ambako makoti yote yametundikwa, na hapo, katikati ya sufu iliyoloa na harufu ya theluji inayoyeyuka, walimpangia Chepkemoi foleni.

"Daktari, goti langu limeanza siasa tena," mzee mmoja alikuwa akimwambia karibu kila Jumapili.

"Mimi si daktari, mzee. Na goti lako linataka upunguze ugali."

"Ugali hapana. Nipunguzie goti."

Walicheka, yeye akainama kutazama goti. Alikuwa na mikono mikavu na ya moto, na alipomshika mtu hakuwa na haraka. Halafu, kama haja ilikuwepo, alikwenda kwenye buti ya gari lake na kurudi na mfuko wa kitenge.

Kila aliyekwenda Kenya kwa Krismasi alijua kwamba lazima arudi na kitu cha kujaza mfuko ule. Kule nyumbani mtu huingia kwenye duka la dawa, akajieleza, akatoka na antibayotiki. Hapa haipatikani bila karatasi ya daktari, daktari haonekani bila miadi, na miadi ni baada ya wiki tatu. Kwa hiyo dawa zilikuja ndani ya masanduku, zimefungwa kwenye soksi na kufunikwa na majani ya chai. Chepkemoi alizipanga kwa tarehe. Hakuwahi kumpa mtu dawa iliyoisha muda, na jambo hilo lilimpa heshima kanisani kuliko hata leseni yake. Alipomkabidhi mtu dawa, aliongeza maneno mawili matatu, yaleyale kila mara, kama mwenye nyumba anayesema karibu tena:

"Usiseme ni mimi."

Jumapili moja ya Februari alifika mbele yake mama mmoja Mkongo aitwaye Emérance, na mtoto wake wa pekee, Merveille, mwenye miaka sita. Emérance alifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli. Mumewe, Eliezer, alifanya kazi katika ghala la bidhaa huko Lakeville, na alikuwa akiondoka na kurudi ndani ya gari la wenzake. Emérance hakuwa mtu wa maneno mengi, na wa maswali ndiyo kabisa. Aliambiwa kitu, akakifanya.

"Mutoto iko na homa siku mbili," alisema. "Na muguu inamuuma. Alianguka kwenye barafu siku ya Jumanne. Nimemukanda na maji moto na mafuta, lakini bado."

Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na mmoja. Chepkemoi alimketisha mtoto juu ya meza ya vitabu vya nyimbo, akamwambia afungue mdomo. Koo lilikuwa jekundu. Akashika goti la kushoto. Halikuwa limevimba. Akamuuliza kwa Kiswahili ni wapi hasa panapouma, na Merveille, kama watoto wote wa pale, alielewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza kwamba panauma juu ya goti, kwa ndani.

Kwa ndani. Chepkemoi alilisikia neno hilo na kuliacha lipite. Majira yale kila mtoto wa mji alikuwa na koo jekundu, na kila mtoto alikuwa ameanguka kwenye barafu. Alikuwa na mambo mawili madogo mkononi na akayaacha yawe mawili: homa ya koo, mguu wa kuanguka. Hakumshusha mtoto mezani aone kama angeukanyagia ule mguu. Angekuwa kazini angefanya hivyo. Kazini kuna fomu, na fomu inauliza.

Alirudi na chupa ya dawa ya watoto, ile ya unga mkavu, akamwonyesha Emérance mstari wa kujazia maji yaliyochemshwa na kupoa.

"Mililita tano asubuhi, tano jioni. Siku tano. Usiruke hata moja. Na usiseme ni mimi."

"Nimesikia, dada," alisema Emérance.

Siku ya pili homa ilishuka. Jumapili iliyofuata Merveille alikuja kanisani akichechemea kidogo tu, na Emérance akamletea Chepkemoi bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, lililofungwa kwa taulo ili lisipoe. Chepkemoi alilila Jumatatu, kazini, wakati wa chakula cha mchana. Lilikuwa sombe zuri.

Jumatano mchana simu yake ilitikisika mfukoni akiwa anafunga kidonda cha mzee mmoja. Aliitazama alipomaliza. Emérance alikuwa amemwachia ujumbe wa sauti, sauti ileile ya chini: mtoto amekataa kabisa kukanyagia mguu shuleni, homa imerudi, mwalimu ameita gari la wagonjwa, sasa wako hospitali ya watoto, ghorofa ya tano. Hakumwomba aje. Chepkemoi alimaliza zamu yake saa tisa na kwenda.

Mtoto alikuwa amelala chali, goti limekunjwa kidogo, na yeyote aliyekaribia kitanda alitazamwa na macho yale makubwa mpaka arudi nyuma. Damu ilikuwa imeshachukuliwa. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, lakini ile ya MRI ilionyesha: sehemu ya chini ya mfupa wa paja, juu tu ya goti, ilikuwa inawaka. Daktari wa maambukizi, mwanamke mrefu aliyetaka aitwe Alice tu, alileta skrini yenye magurudumu, na ndani ya skrini akatokea mkalimani, Mtanzania aliyevaa tai.

Alice alieleza polepole. Wakati mwingine mdudu huingia kwenye damu kupitia kidonda kidogo au hata bila mlango unaoonekana, akasafiri, akatua ndani ya mfupa. Kwa watoto hupenda sehemu ile ya karibu na kiungo, ambako mfupa unakua na damu inapita taratibu. Akiachwa hapo hutengeneza usaha, hula mfupa, anaweza kuingia kwenye kiungo chenyewe, na mguu ukakua mfupi au umepinda. Lakini akijulikana mapema ni nani, anatibika vizuri. Kesho watamlaza mtoto usingizi, wataingiza sindano hadi kwenye mfupa, na watakachokivuta kitapelekwa maabara kioteshwe, mdudu ajulikane kwa jina.

"Huyu mutu anasema kama redio," Emérance alimnong'oneza Chepkemoi, akimtazama mkalimani.

Kisha Alice akauliza, na mkalimani akageuza neno kwa neno: katika wiki tatu zilizopita, mtoto amepewa antibayotiki ya aina yoyote?

Emérance hakumtazama Chepkemoi. Aliitazama skrini.

"Hapana."

"Hata iliyobaki ya mtu mwingine nyumbani? Hata kidogo?"

"Hapana."

Alice aliandika.

Chepkemoi alikuwa ameketi karibu na dirisha, koti likiwa magotini. Alijua kwa nini swali lile linaulizwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Dozi kumi zilikuwa zimemwadhibu mdudu bila kumuua, na sasa huenda asiote maabara hata kama yumo. Alijua hayo kwa sentensi nzima nzima, kama mtu anayesoma kitabu. Alingoja hofu ije, au aibu, imsukume. Hakikuja kitu. Aliona kwamba mshono wa koti lake umefumuka karibu na mfuko, akaukandamiza kwa kidole. Alipotazama tena, skrini ilikuwa imezimwa na Alice ameshatoka.

"Atapona," alimwambia Emérance.

"Amina," alisema Emérance.

Alhamisi sindano iliingia. Kilichotoka kilikuwa kidogo, majimaji yenye damu. Baada ya hapo wakaanza kumpa Merveille dawa ya mshipa, wakangoja maabara. Ijumaa hakikuota kitu. Jumamosi hakikuota kitu. Emérance alituma ujumbe kila jioni, mistari miwili, bila kulalamika: homa bado inapanda na kushuka, mtoto amekula ndizi.

Siku hizo Chepkemoi alifanya kazi yake bila kukosea hata mara moja. Alimpa kila mzee kidonge chake kwa saa yake. Bibi mmoja aliyezoea kumwimbia alimwimbia, naye akasema asante mahali panapostahili. Jumapili, kwenye korido ya makoti, aliwaambia watu kwamba mfuko ameusahau nyumbani. Haikuwa kweli. Ulikuwa kwenye buti.

Jioni ile Duncan alikuwepo. Chepkemoi alimwambia yote wakiwa mezani, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti ya kubadilishana zamu. Duncan aliacha kula.

"Ngoja. Mama wa mtoto mwenyewe amesema hapana?"

"Mara mbili."

"Basi wewe ni nani useme ndiyo? Chepu, hiyo leseni ilikuchukua miaka tisa. Mimi ndiye nilikuwa nakungoja kwa gari nje ya darasa, heater imekufa. Unataka kwenda kuwapa wenyewe mkononi?"

"Hakuna kilichoota, Duncan."

"Si ni hospitali kubwa? Wana mashine hadi za kupima mawazo. Watapata tu."

"Watatafuta wanachojua kutafuta."

"Hiyo ni lugha ya kazi. Mimi nakuuliza kama mume wako."

Chepkemoi alikusanya sahani. Aliosha vyombo.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini na kufika hospitali saa tatu asubuhi. Mlangoni mwa chumba palikuwa na kikaratasi kipya na sanduku la barakoa. Alice alikuwa ndani, na mkalimani alikuwa ameshawashwa.

Siku nne sasa, alisema Alice, na maabara haina jibu. Kipimo cha uvimbe kwenye damu kimeshuka kidogo, si kama alivyotarajia. Mtoto ambaye hajaguswa na antibayotiki, ana homa kiasi hiki na mfupa unawaka kiasi hiki, mara nyingi hutoa mdudu. Asipotoa, daktari analazimika kufikiria mambo mengine. Kuna kifua kikuu, ambacho kinaweza kukaa kwenye mfupa, na familia imepita kambini. Ndiyo maana ya barakoa, hadi vipimo virudi. Na kuna saratani za mfupa ambazo kwenye picha zinajifanya maambukizi. Jumatano wangependa kuufungua mguu, wakate kipande cha mfupa, wakitazame.

Mkalimani alisema *saratani* taratibu, akauliza kama mama amelielewa neno hilo. Emérance aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya mguu mzima wa mtoto, ule wa kulia.

"Nitauliza tena," alisema Alice, "si kwa sababu simwamini mama. Hakuna dawa yoyote kabla ya kuja hapa?"

"Hapana," alisema Emérance.

Alice alipotoka, Chepkemoi alimshika Emérance kiwiko na kumpeleka nje, mpaka kwenye mashine ya soda mwisho wa korido. Mashine ilikuwa inanguruma.

"Mama Merveille. Kwa nini hukumwambia? Amekwambia kuhusu saratani."

"Weye ulisema nisiseme."

"Nilisema tu. Ni maneno. Namwambia kila mtu."

Emérance alimtazama kama ambaye hajaelewa jinsi mtu anavyoweza kusema neno kama lile kwa kila mtu.

"Kule kambini tulikuwa na nesi," alisema. "Vestine. Dawa ya dirisha la mbele iliisha kila wiki, basi yeye alitupatia kwa mulango wa nyuma. Mama mumoja, mutoto wake alipona, akafurahi, akasema mbele ya wakubwa: Vestine ndiye alinipatia. Alisema kwa kushukuru tu. Vestine akafukuzwa juma ile ile. Nyuma yake mulango ulifungwa na watoto wetu wakabaki vile. Tangu siku ile, mukubwa akiuliza nani alikupatia, sisi wote jibu ni moja. Hata akiuliza mara kumi." Akashusha pumzi. "Kanisani watu wengi wanakutegemea, dada. Sikuwaza wewe peke yako."

Chepkemoi alisimama pale. Kijana wa usafi alipita na ndoo, wakampisha. Alijaribu kutafuta ndani yake kile kitu ambacho kingemfanya alie, kwa sababu ilionekana ndiyo saa yake, na akakuta pametulia kama chumba kilichohamwa. Lakini miguu ilikuwa inafanya kazi. Aliipeleka kwenye meza ya wauguzi na kuomba kumwona daktari Alice, akasema ni kuhusu mtoto wa chumba cha mwisho.

Walizungumza wakiwa wamesimama.

"Alipewa antibayotiki," alisema Chepkemoi. "Dozi kumi. Mililita tano kila dozi, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Ya mwisho aliinywa Ijumaa asubuhi, siku tano kabla ya kuletwa hapa. Hii ndiyo chupa." Aliitoa mkobani chupa ya aina ileile, mpya, ambayo alikuwa ameitoa kwenye mfuko asubuhi ile bila kujiambia kwa nini. "Nilimpa mimi. Mimi ni muuguzi. Sikumpima vizuri."

Alice aliichukua, akasoma lebo yote, pamoja na anwani ya duka la Kericho.

"Mama alikataa mara tatu."

"Nilimwambia asiseme."

"Na wengine? Umewapa wengine?"

"Ndiyo."

"Nitahitaji kuandika haya yote," alisema Alice. "Unajua nitalazimika kuyapeleka wapi."

"Najua. Nitaandika na mimi."

Alice hakupandisha sauti. Alisema tu, "Natamani ningejua Jumatano," akageuka kwenda kwenye simu.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo, nayo yalimpita Chepkemoi kama magari ya upande wa pili wa barabara. Upasuaji uliahirishwa. Majimaji yaliyokuwa yamebaki kutoka kwenye sindano yalipelekwa kwenye kipimo kingine, ambacho hakingoji mdudu aote, kinatafuta mabaki yake hata akiwa ameshakufa. Alhamisi jibu likaja: alikuwa yule mdudu wa kawaida kabisa, anayeishi kwenye ngozi ya watu wengi, anayeongoza kwa kuvamia mifupa ya watoto. Dawa ya mshipa aliyokuwa akipewa ndiyo yake. Walibadilisha kiasi cha dozi tu. Kikaratasi cha mlangoni kikabanduliwa. Homa ikaondoka na haikurudi, na baada ya siku sita zaidi Merveille akaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa ya kunywa ya wiki tatu, na miadi ya kupimwa damu kila Jumanne.

Chepkemoi alijaza fomu ya bodi ya wauguzi mwenyewe, kurasa saba. Kazini walimwambia akae nyumbani mpaka bodi iamue. Mfuko wa kitenge aliupeleka kwenye duka la dawa lenye sanduku la kutupia dawa zisizotakiwa, akazitia moja moja.

Kanisani habari ilifika kabla yake, na ilifika imepinda. Alipoingia kwenye korido ya makoti, Margaret, mwanamke aliyekuwa akihesabu sadaka na ambaye watoto wake wawili walitibiwa kutoka mfuko ule, alikuwa anazungumza na makoti yote yanasikia.

"Wametuuzia nesi wetu. Watu wa kambi, mdomo hauna mlango. Unamsaidia, yeye anakimbilia kwa wazungu."

"Emérance hakusema," alisema Chepkemoi. "Nilisema mimi."

"Wewe unamtetea kwa sababu ya roho yako nzuri."

"Nasema nilikwenda kwa miguu yangu, Margaret. Yeye alikataa mara tatu."

"Haya, sawa," alisema Margaret, kwa sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. "Lakini sasa tutatibiwa wapi?"

Hakuna aliyemwamini. Emérance hakuwepo Jumapili hiyo wala iliyofuata. Jumapili ya tatu, kabla ya ibada, Chepkemoi hakwenda kanisani moja kwa moja. Alipita mbele ya jengo, akaendelea mitaa minne na kuegesha mbele ya nyumba ya orofa ambayo theluji ya mbele yake ilikuwa imebaki vichuguu vyeusi tu.

Merveille ndiye aliyemfungulia. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba mama yuko jikoni, na kwamba yeye mwenyewe dawa yake ina ladha ya ndizi iliyooza na ameshainywa ya asubuhi, kisha akarudi kwenye televisheni akitembea. Chepkemoi alimtazama akitembea hadi alipokaa. Mguu ulikuwa unakanyaga sawa.

Emérance alikuwa anakata vitunguu. Alimsogezea kiti kwa mguu, mikono ikiwa imelowa.

"Karibu, dada."

"Nimesikia wanavyokusema. Nimewaambia si wewe. Nitawaambia tena leo, mbele, kwenye matangazo, kama mchungaji atanipa nafasi."

"Acha waseme," alisema Emérance. "Watachoka. Kambini walisema mambo makubwa kuliko ile."

"Hukuja kanisani."

"Nilikuwa nachunga mutoto. Si juu yao."

Alikata kitunguu kingine. Akasogeza vipande pembeni ya ubao kwa kisu, akakitua kisu, akajifuta mikono kwa kitenge chake na kuketi upande wa pili wa meza. Tangu Februari alikuwa ameambiwa mambo mengi na watu wengi, kwa lugha tatu, na kwa yote alisema ndiyo, au hapana, au amina. Chepkemoi alijua kwamba hajawahi kumsikia akiuliza.

"Dada, iko neno moja niulize. Moja tu."

"Uliza."

"Ile siku ya kwanza, daktari aliuliza, mi nikasema hapana. Mi nilijua kwa nini nasema. Lakini weye umesoma. Weye ulijua ile hapana ni mubaya kwa mutoto, mi sikujua. Ukanyamaza siku tano." Alisema bila hasira, akimtazama usoni. "Zile siku tano, ulikuwa unamuogopea nani?"

Kutoka sebuleni ilisikika katuni, na mtoto akicheka peke yake.

"Nilikuwa najiogopea mimi," alisema Chepkemoi.